Jina Nililoliruka

Kajiado, Jumatatu

Kwako ndugu yangu Parsaloi,

Sopa. Najua umeshaitika kabla mke wako hajamaliza kusoma neno hilo. Ng'ombe wameamkaje? Na watoto? Na goti lako la kushoto, bado linakuambia mvua inakuja na haiji? Mimi ni mzima. Meno niliyoondoka nayo nyumbani ndiyo niko nayo mpaka leo, na nguvu iko. Mama Saruni, wewe unayemsomea, soma polepole na usiruke neno. Utaona mwenyewe kwa nini nasema hivyo.

Hapa Kajiado ukishuka barabarani ukauliza mzee wa wakili wa kaunsili ya wilaya, utaletwa hadi mlangoni kwangu. Nilikuja kulinda lango na rungu, mkanicheka. Darasa la pili, mwalimu akanifukuza, na leo niko na kiti changu, kiti kina mto, na mhuri naufungia mimi. Vijana wenye vyeti waliomba kazi hii wakarudishwa. Wakili aliwaambia nikiwa hapo hapo, "Huyu mzee namtaka kwa sababu ya ulimi wake." Na ni kweli. Yeye akisema Kizungu mbele ya watu wetu, wanaangalia mbuzi. Nikisimama mimi nikasema Kimaasai, hata aliyesinzia anashtuka. Nimepewa hata koti jeusi la sufu, na bwana mmoja wa gari jeupe, mnunuzi wa mashamba, anayekuja kumwona wakili. Linanifika magotini. Nilipolivaa kanisani walinipisha benchi la mbele.

Sasa silivai. Liko kwenye msumari hapa ninapoandika, na sipendi vile linavyoning'inia.

Nikuambie jambo lenyewe. Mwezi uliopita tulikuja huko kwenu Kitengela, kwenye uwanja wa chifu, siku uliyokuwa umepeleka madume sokoni Bisil. Kazi ilikuwa kusoma orodha ya wale waliokubali kuuza mashamba yao. Ndivyo sheria inavyotaka: jina linasomwa mbele ya watu, mwenye kupinga anasema, asiposema mtu inaandikwa kwamba hakuna pingamizi. Linasomwa mara mbili. Baada ya mara ya pili hakuna wa kuuliza tena.

Nikasimama. Nikasoma vizuri, Parsaloi, ungekuwepo ungejivuna. Nikafika katikati ya karatasi, nikaona jina la mkubwa wetu, kaka yetu.

Tangu tumzike, ni miaka minne sasa. Na unajua, hata Mama Saruni anayefundisha watoto Jumapili anajua, kwetu aliyekwenda hatajwi jina. Yule ndama aliyekuwa akiitwa hivyo tulimpa jina jingine siku hiyo hiyo. Sasa mimi nimesimama, na mjane wake, Mama Naisiae, ameketi mbele kabisa, ananitazama kinywani. Nikajiambia, karani amekosea kama wanavyokosea kila siku, maana aliyezikwa hauzi kitu. Nikaliruka. Nikasoma la chini yake kana kwamba hakuna kitu. Hakuna aliyejua. Baadaye Mama Naisiae akanishika mkono akasema, "Umesoma vizuri, shemeji." Nikarudi Kajiado nimefura kifua kwamba nimemwondolea aibu ile.

Siku ya tatu koti likaja.

Kuna mama anayepiga chapa hapa ofisini, Mkamba, anaitwa Wanza. Tunataniana. Wiki iliyopita alikuwa anachapa karatasi za siku ile, nikamwambia anisomee nilivyosifiwa. Akasema, "Wewe nani akusifu? Imeandikwa tu, majina yote yamesomwa kwa sauti, hakuna pingamizi. Na hii sahihi yako imepinda kama mkia wa ng'ombe."

Nikamuuliza, "Majina yote?"

"Yote, mzee."

"Kuna moja sikulisoma."

Aliacha kuchapa. Akatazama mlango wa wakili, akasema polepole, "Usiniambie mimi hivyo. Mimi niko na watoto." Lakini aliposimama kwenda kunywa chai, aliacha faili wazi kwenye meza, na huyo mama huwa haachi faili wazi.

Macho yangu si ya kusoma haraka, lakini nilisoma. Kuna karatasi ya mauzo, chini ina dole gumba, inasema ni la mkubwa wetu, ameliweka mwaka jana. Mwaka jana, Parsaloi. Kuna mchoro wa shamba lake, na mstari mwekundu umepita kati ya nyumba ya Mama Naisiae na kisima. Na kuna ilani ya kumwambia ahame, imeshachapwa, mhuri umeshapigwa, tarehe tu ndiyo imeachwa wazi. Mhuri ninaoufungia mimi.

Si unanijua, mimi si mtu wa kukaa na kitu moyoni. Nikaingia kwa wakili bila kubisha. Ni kijana, ndevu zake bado hazijakubaliana ziote wapi. Nikaweka karatasi mezani, nikasema, "Wakili, hili jina sikulisoma."

"Lipi, mzee?"

"Hili." Nikaweka kidole.

Akaegemea kiti. "Sioni vizuri. Lisome, nisikie."

Nikafungua kinywa. Ndugu yangu, mimi niliyesema mbele ya umati, mimi niliyemkatiza hata bwana shauri wa serikali, nilisimama pale kama mtu aliyemeza mfupa. Halikutoka. Akangoja. Kisha akacheka, kwa upole kabisa, akasema, "Unaona? Hakuna shida. Jumatano ya mkutano wa pili utasoma tena vile vile, halafu tumalize." Nilipofika mlangoni akaniuliza, "Yule mjane wa pale, ana watoto wangapi wa kiume? Wanakaa naye?"

Nikatoka. Hapo ndipo nilielewa ni ulimi gani alioutaka. Vijana wenye vyeti wangelisoma jina lile, na Mama Naisiae angesikia, na kelele ingetoka mpaka barabarani. Alitaka mzee asiyeweza kulitamka.

Na kuna zaidi. Haikuwa mara ya kwanza kuruka. Kila orodha niliyosoma ilikuwa na jina moja au mawili ya waliokwenda, na mimi niliyaruka yote, nikijisifu kwamba nina adabu kuliko hawa watu wa ofisi. Unalikumbuka boma la yule mzee kipofu kule mtoni? Mlikuwa mnajiuliza wanawe wamehamia wapi, na ule ukuta wa mawe umejengwa na nani. Jina lake niliwahi kuliruka. Nimeyakumbuka mengine pia, moja moja, na kila ninapokumbuka naona ukuta.

Sasa sikieni. Jumatano ya wiki ijayo muwe uwanjani kwa chifu mapema, wote. Mama Naisiae aketi mbele kama siku ile. Nitalisoma. Nikilisoma asizibe masikio wala asijifunike shuka. Asimame aseme, "Huyo ni mume wangu, nimemzika." Nawe useme, "Ni ndugu yangu, kaburi nimelichimba." Aje na zile karatasi za hospitali alizoweka kwenye sanduku la bati. Si kumkosea heshima mkubwa wetu. Wanaomkosea ni wale wanaomfufua auze kisima.

Jana baada ya kanisa nilitoka nje ya mji, kwenye miiba, nikajaribu peke yangu. Mara ya kwanza lilitoka nusu. Mara ya tano lilitoka lote, na ndege wakaruka. Kwa hiyo nitaweza. Sijawahi kushindwa na kitu nilichokiamua, na wewe ni shahidi.

Ila tangu siku ile wakili ananiuliza kama sitaki kupumzika kidogo, eti nimechoka. Ufunguo wa sanduku la mhuri ameuchukua. Gari jeupe limesimama mbele ya chumba changu mara mbili, halishushi mtu. Kama Jumatano mtamwona mwingine ameshika karatasi, msianze kuuliza mimi niko wapi. Huyo naye ataliruka, maana atakuwa amechaguliwa kama mimi. Simameni nyinyi wenyewe mlitaje. Ndiyo sababu barua hii haikupita posta ya kaunsili. Nimempa Halima muuza nguo, yule Msomali anayeleta leso sokoni kwenu, na yeye hajui iliyomo.

Nisalimie mama yetu mdogo anayelinda mlango wa zizi, mwambie ugoro wake nimeuweka. Nisalimie shemeji zangu wote, mchungaji aliyenifundisha herufi, na yule fundi wa pampu ambaye hajanirudishia koleo langu. Koti nitalirudisha kwa mwenyewe nikiwa nimeshaongea, si kabla.

Sasa nyamazeni kidogo, mwiteni Mama Naisiae aje aketi nanyi kabla ya kuendelea.

Ni mimi kaka yako, ambaye hajatishwa na mtu tangu atahiriwe,

Ole Kantet, wa ofisi ya wakili

Mama Saruni, hapa ndipo nilipokuwa naogopa. Usiruke kama mimi. Soma jina hili kwa sauti, Mama Naisiae akisikia, ili Jumatano isiwe mara ya kwanza:

Sironka.