Vifungo Vinne

Mwenzangu, nimetoka hospitali sasa hivi, nina hasira mpaka masikio yanawaka.

Eti daktari bingwa wa ubongo! Kijana mdogo, kaja na wanafunzi sita, wakanizunguka kama kitu cha mnada. Salamu hana. "Gusa pua yako, mama." Nikagusa. "Tembea kwenye mstari." Nikatembea. Sasa pua yangu imemkosea nini??

Akanipa maneno matatu niyakumbuke: kikombe, mlango, ng'ombe. Baadaye ananiuliza, namtajia yote, halafu YEYE anachungulia karatasi kuhakikisha! Nikamwambia, "Daktari, tupimwe wote wawili." Wanafunzi hoi kwa kicheko.

Eti mkono unatetemeka. Miaka thelathini nashonea watu nguo, mkono wa nani usichoke? Akaandika tu. Kuandika anajua.

Wakaniingiza kwenye lile dude la kupiga picha kichwa, linagonga kama mafundi bati kumi. Majibu Alhamisi.

Halafu nikaenda kuvaa. Ile blauzi ya bluu, niliyoishona mwenyewe. Vifungo vinne tu. Cha kwanza kikagoma. Nikajaribu tena, kikagoma.

Nesi kaja: "Mama, nikufungie?" Nikamfokea, "Mimi fundi cherehani, wewe ndiye wa kunifungia vifungo?"

Alinifungia.

Vyote vinne, mwenzangu. Mimi naangalia ukuta.

Dada yangu asijue. Alhamisi twende wote, sitaki kwenda peke yangu. Nitavaa fulana.