Chokaa Kwenye Ukuta wa Baba

Jumanne, Kibra. Mvua imeacha tangu alfajiri lakini mawingu hayajapanda. Kichwa kizito, moyo mzito zaidi.

Bwana wa serikali, Mzungu, alikuja jana. Alipaka msalaba wa chokaa kwenye ukuta wetu, maana yake nyumba itabomolewa. Kisha akamgeukia Baba: "Wewe iko neno?"

Tulikuwa tumelingoja swali hilo. Na neno Baba alikuwa nalo: alipigana vita vyao, na kipande hiki walimpa wenyewe alipostaafu uaskari. Badala yake akabana visigino, mkono kwenye paji la uso.

"Hakuna neno, effendi!"

Wazee wetu wote wako hivyo. Waonyeshe kofia ya afisa tu, migongo inanyooka yenyewe. Nilikasirika.

Marehemu bibi yangu, mama yake Baba, alizaliwa Sudan chini ya sultani. Alikuwa akisema sultani yule alikuwa mkatili, ila alikuwa na mlango, na mtu angeweza kwenda kulia pale mpaka sultani amchoke. Jeshini, alikomfuata babu, hakukuwa na kulia. Kulikuwa na amri, na aliyetii alikula. Mimi nilimbishia, nikisema fimbo ni fimbo tu, hata ishikwe na nani. Sasa naona alichosema. Hawa Waingereza wanapigiana kura wao kwa wao huko kwao, halafu wanatutawala sisi. Ukimlilia huyu, anasema amri ni ya yule, na yule yuko ng'ambo. Nasi tunawatii kama jeshini, tukidhani tutalishwa.

Hatulishwi.

Leo nilikanda udongo nikaupaka juu ya ule msalaba. Ulipokauka, weupe ukatokeza tena. Baba alikuwa akitoka kutawadha, akauona. Visigino vyake vikagongana papo hapo uani. Hapakuwa na afisa, hapakuwa na mtu, ni ukuta tu na yeye ameupigia saluti, maji yakimchuruzika kiwikoni.

Niliogopa. Naogopa hata sasa ninapoandika.

Yule bwana anarudi kesho na watu wake. Baba atakaa ndani. Nitatoka mimi, na neno lake nitalisema mimi, mlangoni, mbele ya majirani wote. Mimi ni mwanamke, sikufundishwa gwaride na mtu yeyote.

Basi mbona, nilipomfikia Baba pale uani ili nimshike mkono, visigino vyangu navyo vilikuwa vimekutana?