Mfungo wa Mama Tumaini

Jumatatu, 10 Machi
Wagonjwa kumi na wanne kabla ya chai. Mvua, Makambako yote tope. Wa mwisho Mama Tumaini, mjane wa Kifanya, kaletwa na mwanawe anayeuza mbao hapa mjini. Anasikia sauti ya Mungu alfajiri. Amekonda. Mwanawe anataka apewe dawa. Mama anasema amefunga, ni Kwaresma. Mimi muuguzi wa akili, lakini pia binti wa mwinjilisti. Nimekulia kwa watu wa kufunga na kusikia sauti. Nikaandika: imani, si ugonjwa. Karudi kwake Kifanya. Nikajiona nina busara kuliko yule daktari wa Njombe, ambaye kwake kila mwombaji ni chizi.

Alhamisi, 13 Machi
Tumaini kapiga simu. Mama sasa hanywi hata maji. Nikampigia mwinjilisti wa mtaa wao, nikitegemea atanituliza. "Dada, sisi tunafunga mpaka jioni, tunakula. Yeye hafungui. Nilijua ninyi wa hospitali mmeshamwona, mkaridhika." Kumbe yeye kaniachia mimi, mimi nimewaachia wao. Naogopa.

Ijumaa, 14 Machi
Basi hadi Njombe, kisha gari ya Songea, nikashuka Kifanya. Midomo imempasuka.
"Kamwene, mama. Utafungua lini?"
"Sauti haijaniruhusu."
Baba alipofunga, saa kumi na mbili jioni alikuwa ameshashika kijiko. Swali dogo hilo, Jumatatu sikuliuliza.
"Ukila inasemaje?"
Akalia. "Tumaini atakufa."
Tukambeba mimi na majirani hadi kwenye gari. Aliyempokea Njombe ni daktari yuleyule. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Jumamosi, 15 Machi
Figo zinasumbua. Nina hasira na nafsi yangu. Niliona aibu kumhoji mcha Mungu, kana kwamba kuuliza ni kukufuru. Akifa, nimemuua kwa adabu zangu.

Jumatano, 26 Machi
Siku yangu ya mapumziko. Nimekwenda Njombe kumwona. Figo zimetulia. Dawa zinamlegeza, ila sauti ya vitisho imekoma. Kaletewa uji. Akainamisha kichwa, midomo ikacheza muda mrefu, uji ukapoa. Kisha akanywa. Muuguzi wa zamu, binti mgeni, kaninong'oneza: ameonekana akiongea peke yake, aandike?
Nikamwambia aandike kwamba amesali, na amemaliza kikombe.