Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Jumatano, 6 Mei

Mama mpenzi,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Kila nikishika kalamu mjukuu wako ananinyang'anya, anakwenda kuchora ukutani. Hajambo, ila magego yanamwota na mimi silali. Mgongo wa Baba vipi?

Sijasahau tulivyokubaliana: nikifeli safari hii, nafunga virago narudi na mtoto. Mtihani wenyewe ni maonyesho. Chuo hakina ukumbi wa kututosha, kwa hiyo sisi watatu tunaoishi pamoja tutaonyesha kazi zetu humu humu ndani, na mwalimu atapita chumba kwa chumba Jumamosi. Mchongaji amekamata sebule. Mshonaji amepewa bafu, amenuna. Mimi nina chumba changu cha nyuma. Rangi sina, basi nimekuchora wewe ukutani kwa kalamu ya wino mzito, sakafuni hadi darini, umeinama unafua.

Kesho wenzangu wanapaka kuta rangi nyeupe. Mimi nampeleka mtoto kliniki, nimewaambia wafute michoro yake yote.

Tuombee.
Binti yako

Ijumaa, 8 Mei

Mama, shikamoo.

Nilirudi kutoka kliniki jana nikakuta ukuta mweupe pee. Mchongaji na brashi yake mkononi anajisifu jinsi alivyopaka. Nikamwuliza, mama yangu yuko wapi? Akasema, "Mama Mtoto, tulidhani yote ni ya mtoto."

Nilikwenda kufua nepi. Mshonaji akanifuata, akanisuuzia.

Nafasi ya kuchora upya haipo. Naona tunarudi.
Binti yako

Jumapili, 10 Mei

Mwanangu,

Dereva wa basi ameniletea barua zako zote mbili leo, nikaanza na ile ya huzuni. Baba yako mgongo umetulia. Alivyosikia nimefutwa alicheka mpaka akakohoa, nikamnyima chai.

Njooni tu, hapa hakuna atakayekusema. Nimeshatandika lile godoro dogo la mjukuu wangu chumbani kwetu, karibu na dirisha. Ila niambie kweli: huyo mchongaji hakuona hata kama ni mtu?
Mama yako

Alhamisi, 14 Mei

Mama yangu,

Hatuji. Kaa chini nikueleze.

Jumamosi asubuhi niliamshwa na mtoto, kidole ukutani, anaita "Bibi, Bibi." Kumbe wino ule haufunikwi na rangi ya maji. Rangi ilivyokauka ulipenya: mabega yako, mikono, beseni, hafifu kama mtu aliye nyuma ya shuka. Na michoro ya mtoto imerudi, imekuzunguka miguuni.

Mwalimu alisimama mlangoni, kisha akaniuliza nimefanyaje. Nikamweleza ukweli, kwamba ulifutwa kwa makosa ukarudi mwenyewe. Mchongaji akadakia kwamba aliyepaka ni yeye, naye apewe maksi. Mwalimu akacheka, akaandika nimefaulu.

Sikulia, Mama. Nilikaa sakafuni nikalala usingizi, wageni wananiruka.

Mchongaji anasema sasa anakuona vizuri na anaomba radhi. Nimempa nepi zote za wiki hii afue.

Najua ulishajiandaa kutupokea, na moyo unaniuma. Lakini tunabaki mpaka nimalize. Mpe dereva yule aniletee sweta la mtoto, lile la vifungo vya mbao; soksi zake nene; miche miwili ya sabuni; kalamu nyeusi ya wino mzito, maana yangu mtoto ameimaliza; na lile godoro dogo la dirishani.

Mwanao