Namba Iliyokwama Kisiwani

Pasiansi, Mwanza
19 Julai

Dada Modesta,

Shikamoo. Hali yako huko kisiwani? Kifua kimepona? Sisi wazima. Mama mguu umepungua kuuma, Baba masikio ni yaleyale aliyoachiwa na mashine za kiwanda cha samaki. Simu zote anapokea kwa loudspeaker mpaka majirani wanachangia mada. Mimi sina simu yangu, ndiyo maana nakuandikia karatasi na kumpa Evelina wa dagaa akuletee.

Dada, maombi ya vyuo yamefunguliwa na mimi nimebanwa. Nataka Fizikia. Fizikia yenyewe, si Fizikia na Ualimu. Nikimaliza shahada ya kwanza nataka uzamili, halafu uzamivu, nisome mambo ya mwanga mpaka niyachoke. Baba anataka Ualimu hapahapa Mwanza, nirudi nyumbani kila jioni. Nikifungua mdomo tu anasema, "Mbona Modesta alisoma Ualimu na leo anakula mshahara?" Kila siku napigwa kwa jina lako. Wewe unafundisha Fizikia, niambie nichague nini. Kwenye fomu nitaandika namba yako ya simu, maana ya Baba kila meseji inasomwa mezani.

Mdogo wako,
Ng'washi


Kisiwani
27 Julai

Ng'washi mdogo wangu,

Marahaba, mama. Kifua kimeachia. Evelina ana dagaa kilo mbili za Mama, usianze kuwadokoa njiani.

Sasa sikia. Chukua Ualimu. Fizikia tupu haipikiki. Niliwaona walioisoma, mmoja anauza vocha Mabatini. Mimi mwenyewe niliitwa kusoma uzamili nikakataa, ili nisiwe mbali na wazazi, na sijutii hata kidogo. Ndoto ni nzuri, lakini asubuhi mtu anaamka anataka chai. Msikilize Baba.

Dada yako,
Modesta


Pasiansi
6 Agosti

Dada,

Shikamoo. Wote wazima, dagaa wamefika, Mama anashukuru.

Jana nilifungua kabati lako nichukue kile kitabu cha mawimbi. Ndani yake kulikuwa na barua ya chuo. Nimeisoma, nisamehe. "Tunasikitika kukuarifu." Wanasema masomo ya Fizikia uliyosoma ndani ya Ualimu hayatoshi kukuingiza kwenye uzamili wa Fizikia. Kumbe hukukataa, dada! Ulikataliwa! Miaka sita Baba anatamba kanisani kwamba binti yake aliacha masomo makubwa kwa ajili ya wazazi, na wewe umenyamaza. Halafu mimi unanisukuma kwenye shimo lilelile ulilotumbukia!

Nimelia, kisha nimekasirika, kisha nimekwenda Mabatini kwenye steshenari nikajaza vyote viwili: Fizikia ya Dar na Ualimu wa hapa. Nakusubiri uniambie ukweli.

Mdogo wako,
Ng'washi


Kisiwani
24 Agosti

Ng'washi,

Marahaba. Najua Evelina amekuja kwako mara mbili mikono mitupu. Nilikuwa naandika na kuchana.

Ni kweli. Walinikataa. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu kama ungesoma Ualimu na wewe ukatulia, basi na mimi ningejisikia sikukosea. Roho mbaya hiyo, na nimeiona mwenyewe. Nisamehe, mdogo wangu.

Haya, sasa nakuambia kama mtu aliyeungua. Usichague chuo kwa jina la getini. Uliza mwaka wa tatu wanasoma nini. Kama hakuna mekanika ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, na hisabati inaishia mwaka wa kwanza, kimbia. Uliza kama kuna mradi wa utafiti utakaoufanya kwa mikono yako. Wakati wenzangu wa Fizikia tupu wanahangaika na miradi yao, mimi nilikuwa nimepelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha, nashika chaki. Tena uliza wahadhiri wangapi wanafanya utafiti, maana uzamili unataka barua za watu wanaokufahamu. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia sita atakufahamu wapi? Mimi sikuuliza hata moja kati ya hayo. Nimeazima simu yenye intaneti kwa mkuu wa shule, nimeusoma mtaala wa Dar wote. Ndiyo wenyewe. Nenda.

Dada yako,
Modesta


Pasiansi
2 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo sana! Nimekusamehe kabla sijamaliza kusoma.

Majina yametoka. Nimepata vyote viwili! Ila lazima nithibitishe kimoja, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Yaani imekuja kwako. Neno la siri la kufungua ukurasa wangu ninalo mimi, namba unayo wewe. Mwisho ni tarehe 12, nisipothibitisha vyote vinaota mbawa.

Baba amesikia tu habari ya Ualimu. Ameshatangaza kanisani. Ametengeneza meza ya kusomea kwa mbao za makreti ya samaki, ameipiga msasa siku tatu, ameiweka dirishani kwangu. Anaipapasa kila akipita. Sina ubavu wa kumwambia.

Tafadhali usipige simu. Andika namba kwenye karatasi umpe Evelina.

Mdogo wako,
Ng'washi


Kisiwani
5 Septemba

Ng'washi,

Marahaba. Hongera, hongera tena! Nimeruka mbele ya Kidato cha Pili mpaka wakanipigia makofi. Namba ni hii: 407913.

Jioni. Nimeshuka mwaloni zinapotia boti za dagaa, barua mkononi, nimekuta mitumbwi yote imepandishwa mchangani. Mbalamwezi! Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalala, na Evelina hana cha kufuata huku mpaka giza lirudi. Boti iliyoleta barua yako ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mtoto wa Fizikia hata mwezi hukuupigia hesabu! Na mimi mwalimu wako je?

Tarehe 9. Nilitaka kupiga tu, liwalo na liwe, lakini mnara wa simu umekufa tangu juzi. Barua ninayo, namba ninayo, nazunguka nazo kisiwani kama kuku.

Tarehe 11. Nimepata mtumbwi wa kunivusha, nakwenda Nansio mjini kwenye mtandao. Namba ya kukufikia ninayoijua ni moja, ya Baba. Mungu anisaidie.

Dada yako,
Modesta


Pasiansi
15 Septemba

Dada,

Shikamoo. Hali yako baada ya siku ile? Evelina ameniletea barua yako leo, inanuka dagaa, namba imo ndani haina kazi tena. Nimeihifadhi hivyo hivyo.

Wewe hukutuona, ngoja nikusimulie. Baba alikuwa anakula. Ulivyosema "Mpe Ng'washi simu," akajibu, "Sema tu, wote tunasikia," na kweli, hata mama Kashindye wa ng'ambo ya ua aliacha kufua. Kisha ukasema yote: kwamba ulikataliwa, kwamba ulidanganya, kwamba mimi nataka Fizikia na namba unayo. Nilikuwa natazama tonge mkononi mwake. Halikuenda mdomoni wala kurudi kwenye sahani.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza. Ukasema, "Ulikuwa umefurahi sana, Baba." Dada, Mama alitoka nje.

Baba akanawa mkono. Akachukua kalamu ya useremala, akasema, "Soma hiyo namba." Akaiandika juu ya ile meza mpya, anarudia kila tarakimu kwa sauti. Halafu akazima loudspeaker, Baba yetu huyu, akaenda na simu nyuma ya nyumba. Sijui mliongea nini na siulizi.

Asubuhi yake tukaenda wote Mabatini. Nimethibitisha Fizikia. Yeye alisubiri nje, hakutaka kuona. Tulipofika Pasiansi ndipo akasema, "Meza itabaki palepale. Utaikuta likizo."

Jana kaniuliza jambo. Anataka kujua yale masomo uliyoyakosa yanafundishwa wapi, na kama mtu wa umri wako wanampokea. Nimjibu nini?

Mdogo wako,
Ng'washi


Kisiwani
22 Septemba

Ng'washi wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mnara umefufuka, lakini nimeona hili niliandike.

Mwambie Baba yanafundishwa hukohuko unakokwenda, na umri si tatizo. Tatizo ni kwamba mwalimu wa Fizikia hapa ni mimi peke yangu, wanafunzi mia nne, na nikiomba ruhusa ya masomo naambiwa nisubiri apatikane mwingine. Nimesubiri sana. Nitaomba tena Januari, ila usimwambie bado, asije akatangaza kanisani.

Wewe soma. Na daftari zako, hasa za mwaka wa tatu, usimpe mtu wala usifungie maandazi. Ukirudi likizo, kila uliyoimaliza nitumie kwa Evelina. Angalia mwezi kwanza.

Dada yako,
Modesta