Baiskeli Hazikuibiwa

Kitengela,
Jumanne jioni

Mama Faith, mke wangu,

Salamu zangu zikukute ukiwa umekaa chini. Kama uko jikoni, epua sufuria kwanza ndio usome. Mnaendeleaje huko? Kifua cha Mama kimetulia, ama bado anakohoa akilala chali? Mahindi yamefika wapi? Na Faith bado anaimba ule wimbo wake wa kuja Kitengela? Mimi mwili uko sawa. Nakula, natembea. Hayo mengine ndiyo yamenifanya nitafute kalamu.

Utajiuliza barua ni ya nini siku hizi za simu. Selina, simu ya Mama unaijua. Tangu ianguke ndani ya ndoo inaongea kwa sauti boma lote linasikia, na Mama akijua ni mimi atakunyang'anya kabla sijamaliza salamu. Haya nataka uyasikie wewe peke yako. Namtuma Shadrack, huyu kijana wa kwetu, anakuja nyumbani kesho. Nimemwambia akupe mkononi, asiache kwa meza.

Wacha niseme mara moja nisije nikashindwa. Usije. Usipande basi Ijumaa. Najua umeshafunga mizigo, najua kuku umeuza, najua akina mama wa kanisa walikuja wakakuombea safari. Usije, Selina. Hakuna mahali pa kukuleta.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, na nikueleze polepole, maana Mama mpaka leo huwaambia watu mimi ni dereva wa matatu. Lile gari la Baba Wambui, tajiri wangu, ni nyumba. Ndani liko na vitanda, jiko la gesi, na kasinki kadogo ka kuoshea vyombo. Nyuma kuna chuma cha kuning'iniza baiskeli. Watu wa Nairobi wanalikodisha wikendi. Wao wanaendesha baiskeli barabarani, mimi nawafuata polepole na maji na chakula, na wakichoka wanapanda. Wakilala, wanalala ndani ya gari. Mimi nalala kwa hema kando.

Baba Wambui alinipa sheria moja tu siku ya kwanza. Alisimama pale kwa lango lake akaniambia, "Enos, gari likigonga nitatengeneza. Chakula kikiungua watanunua kingine. Lakini baiskeli ya mtu isiibiwe mikononi mwako." Hizo baiskeli si kama ile nyeusi ya marehemu Baba. Unaiinua na kidole, na bei yake hata siwezi kukuambia, utadhani nakudanganya.

Basi nikazilinda. Wewe unanijua mimi na kufuli. Nilinunua mnyororo wangu mwenyewe, mnene, na kufuli ya funguo mbili, moja nikaiweka pamoja na za gari, nyingine nikaivaa shingoni kwa kamba. Nikilala kwa hema, mwisho wa mnyororo naupitisha chini ya turubai naushika. Watu walikuwa wananicheka. Wacha wacheke. Tangu nianze kazi hii haijapotea hata kengele. Na Baba Wambui akaona, akaniambia mwenyewe bila kuombwa, "Kile chumba cha nyuma kwa ploti ni chako. Lete mama watoto." Siku hiyo nilikupigia simu nikashindwa kuongea, ukadhani kuna mtu amekufa.

Sasa, Ijumaa iliyopita tulitoka na Daktari. Ni mama mmoja wa hospitali kubwa, ndiye huwa anamletea Baba Wambui wateja karibu wote. Alikuwa na wenzake wawili. Mpango ulikuwa washuke na baiskeli kutoka Kona Baridi mpaka Oltepesi, walale huko wazoee joto, halafu asubuhi niwakimbize Kajiado, kulikuwa na mashindano. Daktari alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu mwaka uanze. Njia nzima aliongea hayo tu.

Kona Baridi upepo ulikuwa wa kukupokonya kofia. Walishuka vizuri, wamefika Oltepesi wamepakwa vumbi mpaka kope. Mimi ndiye nilipatwa. Kwa yale mashimo, chuma cha nyuma kilikatika bolti, kikaning'inia kama mkono uliovunjika. Kwa hivyo baiskeli hazina pa kukaa, ndani wanalala wenyewe, na ilikuwa siku ya soko. Watu wamejaa, kila mmoja anataka kugusa. Mwenye hoteli akaniambia juzi hapo hapo mtu alifungua sola juu ya duka, mchana, watu wakitazama wakidhani ni fundi. Selina, nikaanza kutafuta pa kuzificha.

Kuna mama mzee wa Kimaasai, boma lake liko nyuma ya soko, huwa ananiuzia maziwa. Namwita Yeyo, yaani mama, kama wengine wote. Nikaenda kwake, nikamsalimu kwa Kimaasai, naye akaitikia.

"Takwenya, Yeyo."

"Iko. Umekuja na watu wako wa baiskeli?"

Nikamwambia shida yangu. Akacheka, akasema, "Hapa hakuna mwizi. Mwizi ni fisi tu, na fisi hawezi kuendesha hiyo kitu. Weka kwa nyumba ya kijana wangu, yeye ameenda na ng'ombe."

Nikaenda nikaangalia hiyo nyumba. Mlango haukuwa na kufuli. Una kamba tu. Nikasema moyoni, mimi Enos, niache baiskeli za watu na kamba? Halafu nikaona lile zizi la mbuzi. Selina, kama ungeliona. Ua wa miiba kunizidi urefu, wenyewe wakifunga wanavuta tawi zima la miiba mlangoni, na hata chui anafikiria mara mbili. Nikamwambia Yeyo, nataka hapa. Akaniangalia. Akasema kwa mbuzi? Nikasema kwa mbuzi. Akasema sawa, baba, ni mali yako.

Nikaziingiza zote tatu, nikazifunga pamoja na mnyororo, kufuli ikalia. Bado roho haikutulia. Nikachukua matawi mengine ya miiba yaliyokuwa kando, nikazifunika juu, nikazizungushia chini, nikachomeka mengine katikati ya magurudumu ili hata mtu akiingia asipate pa kushika. Nilichomwa mikono mpaka damu. Na nilifurahi, mke wangu. Nilirudi kwa gari nikawapikia pilau huku napiga mluzi.

Asubuhi nikaenda kuzitoa. Zilikuwepo zote. Hakuna mtu aliyegusa. Na hakuna tairi moja iliyokuwa na upepo. Ile miiba, Selina, ni mirefu kama sindano ya kushonea gunia. Sisi kwetu tunajua mwiba wa kuchoma mguu, hatujui mwiba wa kuingia tairi ukatokea upande wa pili. Na mbuzi. Kumbe jasho la watu liko na chumvi. Walikuwa wamelamba usukani wa zote, wakamaliza kulamba wakaanza kutafuna. Sponji ya kushikia imekwisha, viti vimeng'atwa. Kulikuwa na mbuzi mmoja mweupe bado anatafuna akiniangalia machoni.

Tukatafuta fundi. Fundi wa Oltepesi ana viraka na gundi, lakini pampu yake haishiki zile vali za kujazia upepo. Daktari alikaa kwa ngazi ya gari na nguo zake za mashindano, namba imebandikwa mgongoni. Saa ya kuanza ikapita akiwa amekaa hapo.

Nikamwambia, "Daktari, hazikuibiwa."

Akasema, "Enos, afadhali zingeibiwa, ningejua wa kukasirikia." Halafu akaingia ndani akafunga pazia. Sikusikia akilia, lakini wenzake walishuka wakasimama nje.

Ile safari ya kurudi sitaki kukumbuka. Hakuna aliyenitukana. Ningefurahi wangenitukana.

Baba Wambui alikuwa langoni. Alikuwa ameshaongea na Daktari kwa simu. Akazunguka gari, akaangalia moja moja, akashika kile kiti kilichong'atwa, akanyoosha mkono. "Funguo." Nikampa, za gari na ya kufuli, zote kwa pete moja. Akafungua mnyororo kwa baiskeli. Nikadhani amemaliza. Akatembea nao mpaka nyuma, kwa chumba, akaupitisha kwa ile pete ya mlango, akafunga. Mnyororo wangu, Selina. Ile kufuli yangu.

Nikamwuliza kama nimefukuzwa. Akasema, "Daktari hatarudi, na marafiki zake hawatarudi. Utaendesha nini? Vitu vyako vitakaa hapo mpaka baiskeli za watu zirudi vile zilikuwa." Si mtu mbaya. Hakupandisha hata sauti. Nilimwambia mke wangu anakuja Ijumaa. Akaangalia chini, akasema pole, akaingia kwake.

Na ndani ya hicho chumba kuna maisha yetu. Kitanda nilichonunua. Kiti cha watu wawili. Na vile vitambaa ulivyofuma, vya manjano na vyeupe, nilikuwa nimeshavitandika juu ya kiti jinsi ulivyonielekeza, pembe ikiangalia mbele. Nilikuwa naenda jioni kukaa tu chini, sitaki kukikalia mpaka ukalie wewe kwanza. Nguo ya shule ya Faith imening'inia kwa msumari. Yote yako ndani, na mimi nalala kwa sakafu ya Shadrack, na kesho Shadrack anaondoka na mwenye nyumba wake hanitaki hapo. Nimezunguka Kitengela yote nikiuliza kazi, kwa mawe, kwa mchanga, kwa maduka ya mbao. Wananiuliza nilikuwa nafanya nini. Nikisema nilikuwa nalinda baiskeli, wanacheka. Sijui niende wapi, Mama Faith. Nakwambia ukweli, sijui. Usiku mzima nageuka nikiwaza utamwambia nini mtoto.

Msalimie Mama, mwambie gari limeharibika, ataelewa hivyo kwa sasa. Msalimie mdogo wangu, amalizie ule ua wa upande wa mto. Mke wa mchungaji mwambie maombi yake nimeyapokea. Na yule jirani aliyenunua kuku, mwombe asichinje yule jogoo mwekundu kwanza.

Kuna jambo moja limebaki. Ukitikisa bahasha utasikia kitu. Ni ufunguo, ule wa pili, uliokuwa shingoni. Baba Wambui hajui upo, na mimi mwenyewe niliusahau mpaka nilipovua shati. Jumapili walipokuwa kanisani nilienda mpaka ule mlango. Nilishika kufuli. Nilisimama hapo muda mrefu nikisikia kuku wao wakichakura. Ningefungua, ningechukua vitambaa vyako na nguo ya Faith peke yake, ningefunga tena, na hakuna mtu angejua. Halafu nikajiona, mimi niliyekuwa nashika mnyororo usingizini kwa sababu ya wezi.

Niliondoka. Lakini jana nimerudi tena, na leo asubuhi nimerudi. Kaa nao wewe, mahali ambapo mkono wangu haufiki.

Mumeo,
Enos