Chai ya Mzee Mwau

Kasiva, unakumbuka Kalekye jirani aliniuliza, "Huyo daktari wa mavi unayemwangalia kwa simu kila siku, atakuletea nini?" Leo ameniletea vita ya kanisa.

Ile video yake ya kutengeneza gesi ya kupikia kwa mavi ya ng'ombe nilitaka kukutumia wewe. Nikaituma kwa grupu ya maombi. Grupu ya maombi, Kasiva!

Mzee Mwau wa kanisa akafika kwangu. Sijamaliza kumpa chai, ameanza. Eti mama mjane anasikiza madaktari wa Facebook badala ya Neno. Eti nimtoe huyo mtu kwa simu, ama niache kupikia kanisa. Kupikia kanisa! Tangu nimzike baba Mbinya, hiyo ndiyo huduma yangu.

Nikamwambia, "Mzee, ng'ombe aliumbwa na Mungu. Huyo daktari simtoi."

"Chakula cha watu wa Mungu hakipikwi na uchafu!"

Nikamuuliza, "Chai ni tamu?"

"Ni tamu sana, lakini..."

"Basi imepikwa na hiyo gesi. Jiko langu ni hilo tangu Pasaka. Hata muthokoi wa harambee, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe wewe uliongeza sahani ya pili, niliyapikia hapo."

Kasiva, aliweka kikombe chini polepole, akachukua kofia, akatoka.